Siku Zisizo na Nyangumi

Batli za meli za kuwinda nyangumi, yaani madaftari yao ya kila siku ya safari, kwa sehemu kubwa hazina nyangumi. Mtu akifungua daftari la safari ya miaka mitatu hutegemea kukuta chusa, damu na mashua zilizovunjwa kwa pigo la mkia. Anachokikuta ni upepo. Upepo wa mchana, upepo wa usiku wa manane, matanga yaliyopunguzwa, matanga yaliyoongezwa, mabaharia wakishona, wakipaka lami, wakisugua sitaha. Kisha mwandishi anaifunga siku kwa maneno yale yale aliyofungia jana, na kesho anaanza upya. Jioni zangu nyingi nimezimaliza na kurasa za namna hiyo, nikizinakili kwenye kompyuta bila malipo pamoja na watu wengine wa nchi mbalimbali ambao sijapata kuonana nao. Kadiri ninavyoendelea ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kurasa hizo za upepo mtupu ndizo zenye thamani kuliko zote.

Mimi ni mstaafu. Nilikuwa mpimaji wa hali ya hewa katika vituo vya pwani ya Tanzania, na cha mwisho kilikuwa hapa Tanga. Kazi yenyewe haina mbwembwe. Saa ikifika unatoka, hata kama mvua inapiga, unakwenda kwenye kile kisanduku cheupe chenye vibao vya kupitisha hewa, unasoma kipimajoto kikavu na kile chenye kitambaa kilicholoweshwa, unatazama mawingu, unaangalia upepo unatoka wapi, unarudi ndani unaandika. Saa tatu asubuhi unapima mvua. Kama haikunyesha, unaandika sifuri. Mkuu wangu wa kwanza wa kituo alikuwa mkali sana kwa jambo hilo. "Binti," aliniambia, "ukiacha nafasi tupu, mtu wa baadaye hatajua kama mvua haikunyesha au ni wewe hukuja kazini." Sifuri ni taarifa, nafasi tupu ni shimo. Nililelewa na msemo huo, na nadhani ndiyo sababu batli hizi zilinishika mara moja.

Mradi wa Old Weather, ulioniingiza katika kazi hii, ulianza 2010. Wataalamu, miongoni mwao Philip Brohan wa idara ya hali ya hewa ya Uingereza, waliwaomba watu wa kawaida popote walipo wasome picha za kurasa za batli za manowari za Uingereza za wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na kuandika tarakimu zilizomo. Sababu yake mtu wa fani yangu haihitaji kuelezwa mara mbili. Nchi kavu ina vituo, bahari haina. Kabla ya setilaiti na maboya ya kupimia, kituo pekee katikati ya maji kilikuwa chombo kinachopita, na mpimaji wake alikuwa baharia mwenye kalamu. Mwandiko wa baharia huyo, ulioandikwa chombo kikiyumba, uliishinda kompyuta, lakini jicho la binadamu liliuweza. Baada ya manowari zikafuata meli za serikali ya Marekani zilizokwenda kaskazini ya mbali, kazi iliyosukumwa kwa bidii na mtafiti Kevin Wood wa Seattle, na mwaka 2015 zikaingia batli za wawinda nyangumi.

Batli hizo zimehifadhiwa zaidi katika miji ya New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, iliyotajirika kwa mafuta ya nyangumi: New Bedford, Nantucket, Mystic, Providence. Makumbusho ya New Bedford peke yake yana zaidi ya 2,000. Orodha ya safari zote za wawinda nyangumi wa Marekani zinazojulikana, tangu karne ya 18 hadi miaka ya 1920, inapita 15,000. Meli moja, Charles W. Morgan, iliyoteremshwa majini mwaka 1841, ilifanya safari 37 mpaka 1921, na leo bado imefungwa gatini Mystic. Hebu fikiri: chombo kimoja, miaka 80. Katika utumishi wangu wote sijawahi kukutana na kituo cha pwani yetu chenye kumbukumbu ndefu namna hiyo isiyokatika mahali.

Nieleze ukurasa wenyewe ulivyo, maana ndio ninaouishi. Karatasi imegeuka rangi ya chai. Wino, uliokuwa mweusi, sasa ni wa kahawia, na mahali pengine umetokeza upande wa pili, kwa hiyo unasoma mistari ya leo huku mistari ya kesho ikikuchungulia kinyumenyume. Juu kuna jina la meli, mahali inakoelekea na tarehe. Mara nyingi mwandishi si nahodha, ni msaidizi wake wa kwanza. Siku ameigawa mara tatu: sehemu ya kwanza, ya kati na ya mwisho, na kila sehemu ina upepo wake na uelekeo wake. Kando au chini kabisa kuna latitudo na longitudo. Halafu, siku ya bahati, kuna muhuri: nyangumi mdogo mweusi aliyegongwa kwa kipande cha mbao kilichochongwa na kuchovywa wino, na katikati ya mwili wake nafasi nyeupe ya kuandika idadi ya mapipa ya mafuta aliyotoa. Nyangumi aliyekimbia hugongwa mkia tu, ukiwa umesimama juu kama anavyoonekana akizama.

Mihuri hiyo ni mizuri mno, na ndiyo inayowavuta watu. Mtoto wa kaka yangu, anayenisaidia mambo ya intaneti na kunikumbusha bando likikaribia kwisha, aliketi na mimi siku moja nikiwa nanakili. Nilikuwa kwenye wiki nzima ya utulivu, meli imesimama juu ya maji kama imetiwa nanga.

"Shangazi," akasema, "huu ukurasa hauna kitu. Na ule uliopita haukuwa na kitu. Kwa nini usiruke twende kwenye wenye nyangumi?"

"Nyangumi huyo ameshahesabiwa," nikamwambia. "Tajiri wa meli alimhesabu, karani wa bandari akamhesabu, mapipa yakauzwa na risiti zikatolewa. Sasa hii shwari, nani mwingine aliiandika?"

Akanyamaza kidogo akiangalia ile latitudo. Hakuna mwingine. Siku hiyo, mahali pale, mamia ya kilomita kutoka nchi kavu yoyote, kulikuwa na watu thelathini na kitu ndani ya mbao, na mmoja wao aliandika kwamba hakuna upepo. Tukiiruka siku hiyo, hatuna pengine pa kuipata. Na mtaalamu akipewa siku za tufani na siku za nyangumi peke yake, atadhani bahari ile ilikuwa na vurugu kila wakati. Wastani hujengwa kwa siku za kawaida.

Kuna jambo la saa ambalo naona sisi Waswahili tunaliingia kwa urahisi kuliko wengine. Wawinda nyangumi wengi walihesabu siku ya baharini kuanzia adhuhuri. Tarehe tano yao ilianza mchana wa tarehe nne ya watu wa nchi kavu, ikaisha adhuhuri ya tarehe tano yenyewe. Kwa hiyo "sehemu ya kwanza" ya siku ni alasiri, na asubuhi ni sehemu ya mwisho. Nimeona wenzangu wa Ulaya na Marekani wakilalamika kwamba inawavuruga. Mimi nimekulia kwenye saa inayoanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na kwenye siku ambayo usiku wake unatangulia mchana wake. Bibi yangu akisema usiku wa Ijumaa alikuwa na maana ya Alhamisi baada ya magharibi. Kubadili adhuhuri kwa magharibi si kazi kubwa. Lakini ni lazima mtu alijue hilo kabla hajaanza, maana kosa la nusu siku katika kila ukurasa linatosha kuipeleka tufani kwenye tarehe isiyokuwa yake.

Upepo wenyewe umeandikwa kwa maneno. Wengi wa wawinda nyangumi hawakuwa na barometa wanayoiandikia kila siku, tofauti na manowari, na kasi ya upepo hawakuipima kwa chombo chochote. Walitazama matanga. Upepo mwanana, upepo mzuri, upepo wenye nguvu, tufani, tufani kali. Mwanzoni mpimaji ndani yangu alikataa. Nimezoea tarakimu, mtu ananipa "upepo mzuri"? Nikaendelea kusoma, nikaona kwamba maneno hayo hayakuwa mapambo. Baharia aliyeandika tufani ndiye huyo huyo aliyeandika, mstari ule ule, kwamba tanga kuu limekunjwa na meli imeachwa na matanga mawili. Matanga ndiyo kipimo chake, na kipimo hicho kilikuwa kimoja kwenye meli zote, kwa sababu anayeacha matanga mengi kwenye upepo mkali hupoteza mlingoti. Ngazi ya Beaufort, ya kupa nguvu ya upepo namba, ambayo nasi tuliitumia kazini, ilitungwa mwaka 1805 kwa msingi huo huo wa kazi ya meli katika upepo. Watafiti wa Massachusetts, Caroline Ummenhofer wa taasisi ya bahari ya Woods Hole na mwanahistoria Timothy Walker, wamekuwa wakichukua maneno hayo kutoka batli za nyangumi na kuyapa namba za Beaufort, ili wajue pepo za maeneo ya mbali zilivyokuwa kabla hakujawa na vipimo. Uelekeo haukuwa na shida hata kidogo. Dira yao ina sehemu 32, sawa na dira ya majahazi.

Sheria moja ya kazi hii ni ngumu kuliko mwandiko: nakili kilichoandikwa, si kile unachodhani kilipaswa kuandikwa. Wawinda nyangumi wengi hawakukaa shuleni sana, waliandika kwa sikio. Kisiwa kimoja kinaandikwa namna tatu ndani ya mwezi mmoja. Longitudo inaruka ghafla, unaona dhahiri kalamu iliteleza. Mkono unawasha kusahihisha. Usisahihishe. Ukurasa mmoja hupita mikononi mwa watu zaidi ya mmoja wasiojuana, na majibu yao hulinganishwa. Wakikubaliana, jibu linapita, wasipokubaliana linaangaliwa tena. Utaratibu huo unafanya kazi ikiwa kila mmoja ameandika alichokiona. Mtu akianza kutumia akili yake kuipamba batli, wale wengine hawana tena cha kulinganisha nacho. Kurekebisha ni kazi ya mtu mwingine, baadaye, mwenye batli nzima mbele yake. Kazini tulikuwa na sheria hiyo hiyo: ukiandika vibaya unapiga mstari mmoja juu ya tarakimu, unaandika sahihi pembeni, na ile ya kwanza lazima iendelee kusomeka.

Jambo hilo lina uchungu wake kwenye majina. Meli za New Bedford zilibeba watu wa kila rangi. Walikuwemo Wamarekani Weusi, wengine waliotoroka utumwa. Frederick Douglass mwenyewe, mpigania uhuru wa watumwa, alipotoroka mwaka 1838 alifikia mji huo. Mhunzi Mweusi wa New Bedford, Lewis Temple, ndiye aliyebuni mwaka 1848 chusa yenye kichwa kinachojigeuza ndani ya nyama, isichomoke, na kila meli ikaitumia. Walikuwemo Wahindi Wekundu wa Martha's Vineyard, watu wa Azores na Cape Verde, na watu wa visiwa vya Pasifiki. Hao wa mwisho unawakuta kwenye batli bila jina la kwao, wamepewa jina la kabila zima au jina la kubandikwa tu. Baharia anafariki, anazikwa baharini kwa mstari mmoja, na jina lililoandikwa silo alilopewa na mama yake. Ninalinakili lilivyo. Naliweka pia kwenye orodha yangu ya pembeni, tarehe na mahali, kwa sababu kuna watu leo, Cape Verde na Hawaii na Massachusetts, wanaotafuta babu zao kwenye karatasi hizi, na mstari mmoja wenye jina bovu ni bora kuliko ukimya.

Sasa barafu. Mradi uliwataka wawinda nyangumi hasa kwa ajili ya barafu ya bahari ya kaskazini, na mimi, mtu wa Tanga, nikajikuta nanakili barafu mwezi baada ya mwezi. Mwaka 1848 nahodha Thomas Roys wa meli ya Superior alipita Mlango wa Bering, kati ya Alaska na Urusi, na kukuta nyangumi wengi wanono. Habari zikaenea, na kuanzia mwaka uliofuata makundi ya meli yakapanda kila kiangazi, yakifuata ukingo wa barafu. Yaliufuata kwa sababu nyangumi wa huko hukaa karibu na barafu, na yaliuogopa kwa sababu unaua. Mtu akiogopa kitu, hukiandika vizuri. Barafu iliyotawanyika, barafu iliyoshikana, barafu changa inayoota usiku. Wanaandika hata ile wasiyoiona: chini ya mawingu, upeo wa macho unang'aa weupe, kwa hiyo kuna barafu kule ng'ambo. Nilikaa nikiwaza sana juu ya mstari wa namna hiyo. Mpimaji mzuri hufanya hivyo hivyo na wingu la mvua lililo mbali na kituo. Haandiki kwamba imenyesha, anaandika alichokiona na upande alikokiona.

Setilaiti zimeupima ukingo huo bila kukatika tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Kabla ya hapo, kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, mashahidi ni watu hawa. Mtu akiuliza barafu ya Agosti ilifika wapi katika miaka ya 1850 au 1860, jibu lipo ndani ya mwandiko wa mtu aliyekuwa akitafuta mafuta ya nyangumi ya kuwashia taa.

Tukio linalotajwa sana ni la 1871. Meli 33 zilinaswa kati ya barafu na pwani ya kaskazini ya Alaska. Manahodha walikuwa wakingoja upepo wa mashariki uisukume barafu mbali na nchi kama ilivyokuwa kawaida, na haukuja kwa nguvu waliyoitegemea. Septemba wakakata shauri. Watu 1,219, wakiwemo wake na watoto wa baadhi ya manahodha, wakaziacha meli, wakaingia kwenye mashua, wakafuata maji membamba yaliyobaki hadi zilipokuwa meli 7 zilizokuwa salama kusini. Hizo 7 zikatupa baharini shehena waliyoitafuta msimu mzima ili watu wapate nafasi. Hakufa hata mmoja. Wanaakiolojia wa NOAA, idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, walikuta mabaki ya meli mbili chini ya maji mwaka 2015. Nikisoma habari hiyo, mimi siangalii sana siku ya kukimbia. Naangalia wiki zilizotangulia, ambapo kila siku mtu aliandika upepo unatoka wapi na barafu iko umbali gani, na ukipanga siku hizo moja baada ya nyingine unauona mlango ukifunga polepole. Hakuna siku hata moja kati ya hizo ambayo, ukiitazama peke yake, ingekufanya uache chai yako.

Nilipozoea mwandiko, nikaanza kutafuta batli za bahari yetu kwa hiari yangu, kwa kuwa picha za kurasa nyingi zimewekwa wazi kwenye mtandao. Watu hushangaa nikiwaambia kwamba wawinda nyangumi wa Marekani walikuwa hapa. Walikuwa hapa sana. Mwaka 1935, Charles Townsend wa New York alichapisha ramani alizozichora kutokana na batli: nyangumi 53,877, kila mmoja nukta yake, rangi ikionyesha mwezi aliouawa. Nukta za yule nyangumi mwenye kichwa kikubwa, anayetoa ambari, zimejaa mbele ya pwani yetu, kuelekea Shelisheli na kushuka Komoro hadi mkondo wa Msumbiji. Wawindaji waliliita eneo la juu kwa jina la Zanzibar. Sayyid Said alikuwa ameshafanya mkataba wa biashara na Marekani tangu 1833, na balozi mdogo wa Marekani akafika Unguja 1837. Meli za nyangumi ziliingia kuchukua maji, kuni na vyakula vibichi, zikatoka.

Nilipoifungua batli ya meli iliyokuwa maji hayo mwezi wa Julai, sikuhitaji kusoma herufi kwa herufi. Upepo wa kusini, wenye nguvu, anga lina mawingu, manyunyu ya kupita, bahari imechafuka. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu hivyo hivyo. Ni kusi. Nimeiandika kusi hiyo kwa mkono wangu kwa miaka, nikiwa nimesimama uwanjani na kanga imenipeperukia usoni, na huyu mtu wa Massachusetts aliiandika zaidi ya miaka mia kabla sijazaliwa, akiwa na hamu ya kwao. Nikatafuta Novemba na Desemba: upepo umelegea, umezunguka, halafu kaskazi imeingia. Kwa mwana pwani hiyo si habari, kila mvuvi anaijua. Habari ipo kwenye tarehe. Kaskazi iliingia siku gani mwaka huo, na mwaka uliofuata? Kusi ilichelewa kwa siku ngapi? Wavuvi wa leo wanasema misimu imevurugika, nami nawaamini, lakini kuamini hakumsaidii mtu anayepaswa kupima imevurugika kiasi gani. Anahitaji tarehe za zamani, na baadhi ziko kwenye makabati ya New Bedford.

Siwezi kuandika juu ya batli hizi nikapita kando ya mauaji. Kila muhuri ni mnyama mkubwa aliyechomwa, akavutwa hadi akachoka, akachunwa kando ya meli, mafuta yake yakayeyushwa sitahani juu ya moto uliowashwa kwa mabaki ya ngozi yake mwenyewe. Mara nyingine muhuri mkubwa unafuatwa na mdogo siku ile ile: mama na mtoto wake. Nikifika hapo huondoka kwenye kiti. Ndani ya meli za matanga watu wale waliua maelfu kwa maelfu, na bado karne ya 20, yenye meli za injini na mizinga ya kurushia chusa, iliwapita mbali: takribani nyangumi milioni 3 waliuawa kati ya 1900 na 1999. Mwaka 1979 Bahari ya Hindi ilitangazwa kuwa hifadhi ya nyangumi, na nchi iliyolipeleka pendekezo hilo ilikuwa Shelisheli, nchi ndogo ya visiwa ya jirani zetu. Najivunia jambo hilo na ningependa watoto wa shule wa pwani hii walijue. Nyangumi wa nundu wanapopanda kutoka kusini kati ya Julai na Oktoba kuja kuzaa kwenye maji ya joto, wanaonekana Watamu, wanaonekana Unguja, na wavuvi huwapisha. Batli zilizoandikwa ili kuwaua ndizo zinazotumika sasa kujua walikuwa wengi kiasi gani na walipita wapi.

Anayetaka kuanza kazi ya namna hii ananiuliza nina ujuzi gani wa kompyuta. Sina mwingi. Kinachohitajika ni kukaa na mwandiko mmoja. Chagua mwandishi mmoja na ubaki naye. Baada ya kurasa kadhaa utajua saba yake na moja yake, utajua anavyofupisha kusini-mashariki, utajua siku ambazo anaumwa kwa jinsi herufi zinavyolala. Ukiruka kutoka meli hadi meli utakuwa mgeni kila siku. Fanya kidogo, simama, pumzisha macho. Neno likikushinda, andika kwamba limekushinda, wengine watalisoma. Na uliza. Waliotangulia hujibu kwa upole wa ajabu, na nimefundishwa sehemu za matanga na mtu wa Uskoti ambaye naye niliishia kumfundisha jinsi pepo zetu zinavyogeuka.

Kazi hiyo imenirudisha kwenye karatasi za nyumbani. Vituo vya wakati wa Wajerumani kwenye pwani hii viliacha vitabu vya vipimo, na nakala zake zimehifadhiwa Hamburg, ambako zinaingizwa kwenye kompyuta. Lakini mvua ilipimwa pia kwenye misheni, kwenye mashamba ya mkonge, kwenye shule, na vitabu hivyo viko stoo, vikiliwa na mchwa na unyevu. Kwa ruhusa ya wenye mali, mimi na yule mtoto wa kaka yangu tumeanza kuvipiga picha kwa simu: kando ya dirisha, bila taa ya kamera, ukurasa mzima na namba yake, hata ukurasa ambao haukuandikwa kitu. Kijana alitaka tuanze na vuli ya 1961, mvua kubwa ambayo wazee bado wanaisimulia, iliyopandisha maji ya Ziwa Viktoria. Nimekubali tuanze na kitabu cha 1961. Ila tunaanzia Januari, na kufikia jana tulikuwa katikati ya Februari, sifuri baada ya sifuri, naye anaziandika zote.